Nta Nyekundu

Kitako cha bunduki kilikuwa chekundu tena. Kinang'aa kama sakafu ya sebule, kimeegemezwa ukutani kwa adabu, kana kwamba hakuna mtu aliyejichubua vidole kukisugua wiki nzima.

"Tantine Mamie!" Jeancy alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika uani. "Weye tena?"

Shangazi yake alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa bukari. "Miye tena nini? Kila siku ya samedi napaka chini cire, hii nta yetu nyekundu, napaka na bunduki. Iko vile tangu mama alikuwa muzima."

"Ni bunduki, tantine! Haiko sakafu!"

"Basi acha kuiweka kwa sakafu yangu."

Bunduki yenyewe haikuwa bunduki tena. Ilikuwa ya jeshi la zamani, la enzi za Wabelgiji. Chuma serikali ilikwisha kukichukua. Ukabaki mti huu ambao Mzee Kabamba, babu yake Jeancy na askari wa jeshi hilo ujanani, aliuweka nyuma ya mlango miaka yote. Sasa mzee alikuwa anapotea. Alianza kumwita Jeancy kwa jina la ndugu aliyekufa, kisha akawa hamwiti kwa jina lolote. Na Jeancy, ambaye simu haimtoki mkononi, alikuwa ameona video: fundi mmoja wa mbali amekwangua kitako kikongwe, akakipaka mafuta, mti ukafufuka. Akajiambia, mti ukifufuka, na babu atafufuka. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Basi akaanza upya. Msasa mkali, kisha msasa laini. Vumbi jekundu likamjaa puani. Simu aliisimamisha juu ya ndoo. Maneno ya fundi hakuyaelewa hata moja, lakini mikono ilieleweka. Chini ya wekundu mti ukatokea, rangi ya asali, na mistari yake yote. Jamani, ulikuwa mzuri!

Tantine Mamie akapita na beseni, akaguna. "Unaivua nguo."

"Naitoa buchafu!"

"Ile buchafu, baba mwenyewe, babu yako, njo alikuwaka anaipaka."

"Tantine, nakuomba. Uniache."

Akaupaka mafuta, akaufuta, akaubeba kwa mikono miwili hadi kwenye kiti cha babu. Simu tayari ilikuwa inarekodi.

Mzee alikipapasa kitako taratibu. Akakileta puani, akanusa. Kisha akakirudisha kwa upole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Iyi ni ya nani?" akauliza. "Mwenyewe ataitafuta."

Jeancy akazima simu. Alitaka kugombana na mtu, yeyote yule, lakini Tantine Mamie alikuwa amesimama mlangoni, macho kwa baba yake.

"Ile boîte iko wapi?" Jeancy akauliza.

Tantine hakumsimanga. Alileta tu kopo la nta na kitambaa chake kilichokakamaa, akaketi kando.

Jeancy akachovya, akasugua kwa hasira, huku na huku, wekundu ukiumeza ule uzuri wote wa asali. Harufu ikapanda, ikafika kitini.

"Eh, weye!" Sauti juu ya kichwa chake ilikuwa kali, sauti ya mtu aliyezoea kazi. "Haiko vile. Zungusha mukono. Unasugua sawa mutu anafukuza mbu."

Jeancy hakuinua uso, aliogopa. Akauzungusha mkono.

"Njo vile," mzee akasema. "Pole pole. Lakini umalize. Sergent iko anakuya kukagua."