Watu Tisa wa Kiwanja cha Nakaloke

Mimi si mwoga, muulize yeyote hapa Mbale. Lakini siku Enos, karani wa mipango miji, alipoandika namba kwa chaki kwenye mlango wangu, nilikaa chini palepale barazani.

Mwaka sabini na tisa, vita vilipofika Jinja, milango yetu sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wa jeshi lililoshindwa, iliandikwa chaki hivyohivyo. Ulioandikwa asubuhi ulivunjwa mchana. Mume wangu Burhan alikuwa mpishi wa jeshi, mtu wa maharage na sufuria, hajampiga mtu hata kofi. Nani angetusikiliza? Alikimbilia Sudani, mimi nikaja Mbale na binti yetu Sofia, nikawaambia watu kwamba nimefiwa. Miaka sita baadaye akarudi, mifupa mitupu. Tangu hapo akawa anakaa chumba cha ndani, pazia limefungwa, miaka miwili hajaota jua. Hata kikohozi alikizima kwa mto wa kulalia.

Enos alieleza kwamba mji umefurika, vita vimetusukuma wote humu, na sasa wanapima mji mpya huko Nakaloke ili watu wapumue. Mtaa wetu ungebomolewa, na familia zilizobanana, kuanzia watu tisa, zingepewa viwanja kwanza. Akauliza tunaolala humu ni wangapi. Tulikuwa tisa kwenye vyumba viwili: mimi, Burhan, Sofia na wajukuu sita. Nikaogopa orodha, nikamwambia niko peke yangu. Alizitazama ndala zilizojaa mlangoni, akaandika moja. Alipokata kona tu, nikaifuta ile chaki kwa kanga.

Ujinga wangu huo. Majina yalipobandikwa, jirani yangu Khadija, aliyesema kweli, alikuwa na kiwanja. Mimi nilikuwa mjane asiye na mtu, nijitafutie mwenyewe chumba cha kupanga kabla mwezi haujaisha. Sofia alilia akiuliza wanawe watalala wapi. Burhan alinishika mkono, akanisihi nisimtaje popote. Sikulala siku tatu. Nikiziba mdomo, wajukuu wako nje. Nikifungua, mume wangu amekufa. Nilimchukia Enos, nikaichukia serikali, nikajichukia na mimi.

Siku ya nne nikajikaza nikaenda ofisini. Mlangoni alikaa askari, bunduki mapajani. Nilimwambia Enos kwamba tuko tisa. Akachukua fomu, akauliza mkuu wa familia ni nani.

"Burhan," nikasema. "Mume wangu. Yuko hai."

Askari akainua kichwa. Akauliza huyo Burhan alikuwa wapi zamani.

"Jikoni, afande. Alikuwa mpishi wa jeshi, Jinja."

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Halafu akasema chakula cha kambini kwao siku hizi hakiliki, akageuka kutazama barabara. Enos akapiga mhuri. Nikaondoka na karatasi kifuani, nacheka peke yangu njiani kama mwehu.

Nilimweleza Burhan yote, mbiombio, karatasi nimeikunjua kitandani. Jina lake lilikuwa juu kabisa, limeandikwa vizuri. Hakulisoma.

"Nulu, umelitaja jina langu mbele ya askari?"

Nikaanza kumwambia habari ya chakula cha kambini. Alikuwa tayari anavaa viatu. Nilimshika shati, nikamtukana, nikamwomba kwa Mungu na kwa wajukuu, shati likachanika akaniachia kipande. Alipita uani, mchana kweupe, akashika njia ya mlimani, mtu aliyeogopa hata kufungua dirisha. Nilitaka kumwita arudi. Majirani walikuwa nje, na jina lake sikuthubutu kulitaja tena.

Huu mwaka wa nne tuko Nakaloke. Tumejenga vyumba vitatu, vya matofali, na Khadija anaishi ng'ambo ya pili ya barabara. Nimepeleka ujumbe kwa kila anayekwenda kaskazini, madereva, wauza kitunguu, hata padri mmoja. Hakuna aliyemwona. Mwanzoni kila gari liliposimama karibu nilidhani ni wanajeshi, wamekuja kumchukua.

Hakuna askari aliyewahi kuja kumuulizia, hata siku moja. Na yeye huko aliko hajui.