Inchi za Mume Wangu

Mume wangu walimwita Pipa, na jina lilimkaa. Akiingia kwenye chumba changu cha kushonea ilibidi nisogeze cherehani apite. Kiuno inchi arobaini na nne. Suruali zake zote nilishona mimi, na ndani ya mshono wa nyuma nilimwachia kitambaa cha akiba vidole vitatu, maana tumbo lile halikuwa na breki.

Kisha akapimwa, akakutwa na kisukari. Daktari akampa vidonge na kumwambia apunguze mwili. Alisema tumbo linayabana mapafu, ndiyo maana anahema akipanda ngazi kupaka rangi nyumba za watu. Wifi yangu, ambaye ulimi wake haujui mapumziko, akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayemnenepesha kaka yangu. Ukimzika, usije kulia kwangu."

Maneno yale yaliniuma, nikaapa nitamwonyesha. Nikapunguza chakula, nikamtembeza kila asubuhi, na kila Jumamosi nikampima kwa futi yangu na kuandika namba ukutani kwa chaki. Arobaini na tatu. Arobaini na moja. Wateja wakatupongeza, nami kichwa kikavimba. Kila namba iliposhuka nilibana suruali. Ilipofika thelathini na nane aliniambia, "Mama watoto, niachie ile akiba. Huwezi jua." Nikachukua mkasi nikaikata mbele ya wifi.

"Huko harudi tena," nikasema.

Sikumbuki nani alianza kusema vidonge havina kazi tena. Uongo, nakumbuka sana: ni mimi. Nilisema mtu mwenye kiuno cha thelathini na sita ameshapona, vidonge ni vya wanene. Alicheka, akaviacha.

Matembezi nayo tukayaacha, lakini namba zikashuka upesi kuliko mwanzo. Akawa anaamka shuka limelowa jasho. Akakohoa wiki, akakohoa mwezi, tukasingizia harufu ya rangi. Mimi ambaye nguo ikivuta kidogo begani naiona kutoka mlangoni, sikuona kitu. Niliona ushindi tu, na wifi akinyamaza.

Siku aliyokohoa damu ikaingia kwenye ndoo ya rangi nyeupe, ndipo tulipokwenda hospitali. Daktari yule yule akainua picha ya kifua kwenye mwanga.

"Kifua kikuu," akasema. "Sukari ikiachwa bila dawa, kinga ya mwili inalegea, ugonjwa huu unapata mwanya. Pafu la kulia limeliwa sana. Huku kukonda mlidhani ni nini?"

"Nafuu," nikamjibu.

Hakucheka wala hakunigombeza. Alisema dawa ni miezi sita, vidonge vya sukari virudi leo hii, na tuangalie mwili. Ukianza kurudi, tutajua dawa zimeshika. Ukizidi kupungua, tusijidanganye.

Wifi alikuja, akasimama mbele ya ukuta wangu wa chaki, akazisoma namba zote kuanzia juu mpaka chini. Kisha akaondoka bila neno. Afadhali angenitukana.

Sasa nampima kila Jumamosi, naomba namba zipande, mimi niliyeshangilia zikishuka. Mwezi wa kwanza thelathini na moja. Wa pili, ile ile. Leo nimezungusha futi kiunoni mwake, nikaisoma, nikairudia. Ishirini na tisa. Miaka ishirini ya ufundi sijawahi kumdanganya mtu hata nusu inchi.

"Thelathini na mbili," nikasema, nikaiandika ukutani kwa tarakimu kubwa.

Aliitazama namba, akanitazama mimi. Akapumzika kidogo ili apate pumzi ya kuongea.

"Ndiyo maana suruali imeanza kunibana," akasema. "Utajuta kuikata ile akiba, mke wangu."

Akatoka taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeishika suruali isianguke.