Sayari Nambari Arobaini na Moja

Saa saba na dakika tano mchana, ofisi ya maji ya mji ilipofunga dirisha la wateja, mchoraji wa ramani alimenya chungwa lake juu ya gazeti, akafuta vidole, akawasha kompyuta ili aende angani. Alikuwa na dakika hamsini na tano. Wenzake walimwita Dada Ramani, kwa kuwa kwa miaka kumi na sita kila bomba lililozikwa katika mji ule lilikuwa limepita kwanza chini ya kalamu yake.

Mchezo wenyewe aliletewa na karani wa malalamiko, mtu mwenye moyo mwema na kabati lililojaa fomu ambazo hazijajibiwa. Unapewa chombo kinachozunguka sayari, kinapima kilichomo ardhini, kisha kinakutolea picha ya rangi. Bluu ni patupu, kijani ni afadhali, nyekundu ni pazuri, nyeupe ndipo penye utajiri. Ukishapaona, unatua mashine ya kunyonya, unaivutia bomba hadi unakotaka, basi. Chini ya picha kuna mstari wenye vishikio viwili, na hapo ndipo wajinga na werevu wanapoachana njia. Ukiviacha vimetanuka, sayari nzima inang'aa nyeupe kama shuka ya hospitali, na mgeni anatua mashine popote, anavuna vumbi. Mjuzi huvuta kishikio cha kushoto taratibu kwenda kulia, nyeupe ya uongo inajifuta, mpaka vinabaki vidoa vichache vya kweli. Karani hakuwa na subira hiyo. Alipenda sayari yake iwe nyeupe. Alikuwa na mashine kumi na moja na ghala zima la vumbi, na alilitunza vizuri.

Siku hiyo Dada Ramani alifungua sayari nambari arobaini na moja, akachagua maji, akavuta kishikio. Bluu ilienea. Ikabaki nyeupe ya mstari mmoja mwembamba, uliotoka bwawani, ukapinda penye zahanati, ukakatiza uwanja wa mpira na kuishia nyuma ya nyumba yenye geti jeusi. Ule mpindo wa zahanati aliujua. Aliuchora mwenyewe, kwa ajili ya bomba la kupandisha maji Mtaa wa Mlimani, na katika mchoro wake bomba halikuishia kwenye geti la mtu. Nyumba yenye geti jeusi ilikuwa ya meneja wa ofisi ya maji. Mlimani kote kulikuwa bluu.

"Ni hapa kwetu," karani alisema, akiinama juu ya bega lake huku anatafuna. "Lile paa lenye matairi ni la shemeji yangu. Nilimwambia ayashushe."

Ili kupata hakika, Dada Ramani alibonyeza kwenye maegesho ya ofisi. Nje ya dirisha, kwenye maegesho, pakatokea shimo la ukubwa wa sufuria. Mlinzi alilitazama, akalizungushia mawe matatu ili watu wasijikwae, akarudi kwenye kiti chake.

Sasa, Mlimani ndiko alikokuwa akiishi na mama yake. Bomba la jikoni kwao lilikauka miaka tisa iliyopita, na tangu hapo mama alishuka kila siku na ndoo hadi bomba la chini ya kilima, akapanda nayo kichwani. Mwaka huu goti lake la kulia lilikuwa limeanza kugoma. Binti alimkataza, mama akaitikia vizuri sana, na binti akishaenda kazini, mama alishika ndoo. Kila mwaka Dada Ramani alijaza fomu ya malalamiko, na karani alikuwa amezipanga zote tisa kwa tarehe.

Basi alitua mashine nyuma ya geti jeusi, akavuta bomba hadi jikoni kwa mama yake. Mchezo ulimuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Aliporudi nyumbani jioni alimkuta mama amesimama mbele ya bomba, mikono kiunoni, maji yanatiririka.

"Limekohoa tangu saa nane," mama alisema. "Likatema mjusi mkavu, halafu haya. Umeomba ruhusa?"

"Nimeomba miaka tisa, mama."

Mama alilifikiria jibu hilo, akaliona halina kasoro, akaagiza beseni. Walijaza ndoo thelathini na moja, masufuria, chupa za chai, chombo cha maua, na mwisho viatu vya mpira vya marehemu baba, ambavyo havikuvuja hata tone, na mama akakumbuka kwamba yule mtu alijua kununua vitu. Majirani walikuja na vyombo vyao bila kuuliza mengi. Binti aliuliza ya nini kujaza hata viatu, na maji yapo. Mama akamjibu kwamba yapo leo, na leo yenyewe hajaizoea. Usiku ule Dada Ramani alilala akisikia mama anaoga, anajimwagia kopo baada ya kopo bila kuhesabu, na alifurahi mpaka akaona haya.

Siku ya tatu samaki wa mawe katika bustani ya meneja aliacha kutema maji. Meneja hakukasirika. Mwenye nguvu hana haja ya kupaza sauti. Alikuja mwenyewe chumba cha ramani, akaulizia afya ya mama, akakalia kigoda, akasema amesikia kuna chombo kipya cha kupimia na amefurahi sana. Akaomba kuonyeshwa.

Dada Ramani alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake njia nzima. Alivuta kishikio hadi mstari wa kweli ukajitokeza, hafifu kwa kunyonywa siku tatu.

"Mkuu, hili ndilo bomba la Mlimani," alisema.

Meneja alilitazama geti lake. Kisha akasema kwamba rangi ni chache mno, na mtu akiitazama ramani hii ataingiwa na huzuni. Akachukua kipanya, akatanua vishikio. Mji mzima ukawa mweupe. Karani, aliyekuwa mlangoni, alisema inapendeza, na hakuwa anajipendekeza. Lakini meneja hakuwa mjinga. Alikirudisha kishikio kidogo kidogo, ule mstari hafifu ukajifuta, akasimama pale alipoona vidoa vyeupe vimejipanga Mlimani, nyumba kwa nyumba. Kilichong'aa kuliko vyote kilikuwa jikoni kwa mama. Bustani yake yeye ilikuwa bluu.

"Wana maji yote haya, na bado wanalalamika?"

"Hizo ni ndoo, mkuu."

"Ramani haiandiki ndoo," meneja alisema kwa upole. "Inaandika maji."

Akaagiza mashine ihamie penye nyeupe, bomba lielekezwe penye bluu, maana ndivyo mchezo unavyochezwa. Akabonyeza mwenyewe. Mchezo ulimuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Ramani ilichapishwa na kutundikwa mapokezi, Dada Ramani akapewa barua ya pongezi, na karani akashinda anagonga fomu za Mlimani mhuri wa "Limetatuliwa". Kabati lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza, na alilifunga na kulifungua mara kadhaa bila kujua anatafuta nini.

Nyumbani, mashine ilikuwa jikoni, kati ya jiko na kabati, imeingiza mrija katika kiatu cha kushoto cha baba. Haikuwa na swichi. Mama alikuwa ameifunika kitambaa cha meza.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu nitampa kazi."

Ya tatu akaanza kuanikia matambara juu yake. Mashine ilimaliza viatu, ikaingia kwenye ndoo. Dada Ramani alijaribu kuiondoa, na mchezo ukamjibu kwa adabu kwamba mashine hiyo sasa ni ya mchezaji mwingine.

Wiki iliyofuata, baada ya chungwa, alifungua sayari nambari arobaini na moja, akavuta kishikio mpaka mwisho. Kilibaki kidoa kimoja tu, chini ya kilima, kikielekea juu.

"Mbona hicho kinatembea?" karani aliuliza. "Maji ya ardhini hayatembei."

"Hiki kinatembea," alisema. "Kina goti bovu."

Karani aliacha kutafuna. Kidoa kilisimama penye ua wa seremala, kikapumzika, kikapanda, kikasimama tena kwenye kona. Hapo kilikaa sana, na Dada Ramani akajikuta amekamata meza kwa mikono miwili. Kisha kikaendelea. Kilipofika jikoni kilizidi kung'aa kidogo, na nyuma ya geti jeusi samaki akaanza kutema maji.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kamili. Karani alikung'uta makombo, akaenda kufungua dirisha la wateja.