Mwenye Adabu Ndani ya Akaunti Yangu

Nilijua nimeingiliwa kwenye akaunti ya saluni mtandaoni kwa sababu ya adabu. Mteja wa mchana alikaa kitini, akavua kilemba, akasema, "Dada, ahsante kwa ule ujumbe. Kumbe una maneno matamu hivyo!"

"Ujumbe gani?"

Akanionyesha simu yake. Kwa jina la saluni yangu, mtu alikuwa amemwandikia: "Karibu sana mpendwa, samahani kwa kukuchelewesha, tunakusubiri kwa furaha." Jamani! Miaka kumi na moja nasuka watu, sijawahi kumwita mteja mpendwa. Mtu akiuliza kama kuna nafasi, namjibu "Ipo" au "Haipo", basi. Wananiita Pilipili, na wala sikatai.

Nilianza kumsuka huku roho iko juu. Nusu ya kichwa ilipokwisha nikashindwa kuvumilia, nikamwita Fundi Kucha, mwenye meza yake pale dirishani.

"Hebu nifungulie akaunti, haraka. Mikono yangu ina mafuta."

Akafungua bila kuniuliza paswedi. Angeniuliza ya nini? Ukisuka huwezi kushika simu, kwa hiyo ujumbe ukiingia namwambia yeyote aliye karibu, "Fungua, mjibu hivi," na paswedi namtajia kwa sauti, juu ya kelele za draya. Nusu ya mtaa inaijua.

"Wamejibiwa watu ishirini na watatu," Fundi Kucha akasema. "Wote mpendwa, mpendwa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pilipili, kuna huu wa jana. Ameandikiwa mdogo wako."

Nikaacha kusuka.

Mimi na mdogo wangu tulifungua saluni hii pamoja, na huu ni mwaka wa pili hatusemezani. Bi harusi mmoja alinyonyoka nywele kwenye kiti hiki hiki, kwa dawa ya kulainisha iliyokaa kupita muda wake. Nikamfokea mdogo wangu mbele ya watu, nikamwambia aondoke nisimuone tena. Akaondoka. Namba yake nikaifuta siku ile ile, kwa hasira zangu.

"Soma," nikasema.

"'Mdogo wangu, nilikukosea. Tafadhali njoo saluni kesho tuonane.' Naye amejibu: 'Nitakuja saa kumi.'"

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini.

Si kwamba sikutaka aje. Nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka, ila maneno yalikuwa yananikwama. Sasa angekuja kupokea samahani yangu, kumbe samahani yenyewe kaiandika mwizi. Angeona nimemchezea, na angetoka mlango ule mara ya pili. Mtu akitoka mara ya kwanza anaweza kurudi. Mara ya pili harudi.

"Ni wewe!" nikamwambia Fundi Kucha. Ndiyo kawaida yangu, mdomo hutangulia.

"Mimi?" Akaweka tupa ya kucha mezani. "Mimi nikiingia akaunti yako nitaandika saluni imefungwa, nipumzike na kelele zako."

Nikajua si yeye. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi paswedi nilikuwa nimeigawa kama njugu.

"Watoe! Kila aliyeingia, mtoe!"

"Kuna sehemu ya kutoa vifaa vyote, lakini ngoja kwanza tuangalie ni vya nani..."

"Bonyeza, nimesema!"

Akabonyeza. Akaunti ikafunga mlango, na sisi tukiwa nje. Ikasema ili kuweka nenosiri jipya, tuingize namba sita za siri zilizotumwa kwenye simu inayoishia na arobaini na saba. Simu yangu inaishia na kumi na mbili.

"Arobaini na saba ni nani?" mteja akauliza, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

Nilimjua. Akaunti aliifungua mdogo wangu, mimi nikiwa nasuka. Ilipoomba namba ya simu, akaweka ya kwake, na tangu hapo sikuigusa. Mjinga mimi, nimemfukuza mtu nikamwachia na ufunguo.

"Waambie watume tena," nikasema.

"Zitaenda kule kule."

"Tuma!"

Akatuma. Nikamwambia atume tena, na tena. Nilikuwa nazunguka kati ya viti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilisuka mstari mmoja nikaufumua mara tatu, mpaka mteja akasema, "Dada, kichwa chenyewe ninacho kimoja tu."

Mama alikuwa kwenye benchi lake la ukutani, pale anaposhinda kila siku, miwani puani, tableti ya mitindo mapajani. Ni ile tunayowapa wateja wachague msuko.

"Mama, namba ya mdogo wangu unayo?"

"Ninayo."

"Nipe, nimwambie asije."

Alikuwa anaigonga tableti kwa kidole. "Hii nayo imenitoa," akasema. "Nilikuwa katikati ya kumjibu mpendwa mmoja."

Mteja akageuza kichwa, msuko ukanitoka mkononi.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Watu wanabisha hodi siku tatu hakuna wa kuwaitikia. Ndivyo nilivyokulea?"

"Na mdogo wangu je?"

"Naye alikuwa anabisha. Tangu mwezi wa tatu amekuandikia, 'Dada, hujambo?' Hujasoma mpaka leo."

Nilikuwa sijui, naapa. Ujumbe wangu husomewa na watu wenye haraka, na wao wanatafuta wateja tu.

"Kosa lilikuwa lake, nalijua," Mama akaendelea. "Lakini mkubwa ndiye hujishusha. Nikaona wewe hutajishusha, nikakushusha mimi. Na namba sikupi."

Aliposema kosa lilikuwa lake, nikainamisha macho. Nikarudi kusuka. Nilimwomba radhi Fundi Kucha, akaniambia nisubiri anijibu baada ya siku tatu.

Saa kumi kasoro robo mdogo wangu akaingia. Amekonda, au macho yangu tu. Akamwamkia Mama, Mama akamwitikia kwa furaha zote. Mimi hakuniamkia. Akanyoosha simu yake.

"Namba zimeingia mara sita," akasema. "Ya mwisho ndiyo hii."

Akazisoma moja moja. Nikafuta mikono kwenye aproni, nikaziandika kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikaweka paswedi mpya bila kuitamka. Akaunti ikafunguka, na kabla ya yote ikanionyesha ule ujumbe wa jana. Umetumwa kutoka kifaa kingine, ikasema. Je, ni wewe uliyeutuma? Chini yake vitufe viwili, cha ndiyo na cha hapana.

Mama akakohoa. Akanitikisia kichwa, ndiyo, ndiyo. Mdogo wangu alikuwa amesimama begani kwangu, anaona kila kitu. Ingekuwa rahisi mno. Uongo mdogo tu, na mambo yakaisha.

"Usijisumbue," mdogo wangu akasema. "Nilijua si wewe tangu pale kwenye 'tafadhali'."

"Sasa mbona umekuja?"

"Nilishaghairi kuja. Halafu namba zikaanza kuingia, moja haijapoa nyingine hiyo. Nikasema, eh, huyu sasa ndiye dada yangu, hajui kungoja. Nikajua umefungiwa nje."

Nikabonyeza hapana. Ujumbe ukafutika.

"We mtoto!" Mama akapiga kelele. "Nini tena hicho?"

Watu wote walikuwa wananitazama, na nikasema hivyo hivyo kabla mdomo haujanigeuka.

"Ile dawa niliipaka mimi. Wewe ulikuwa umetoka kununua nyuzi. Nikashika simu, nikasahau saa. Uliporudi ukamkuta bi harusi analia, ukakimbilia kumwosha, nami nikakufokea wewe kwa sababu watu walikuwa wanatazama na niliona aibu. Nilikukosea, mdogo wangu. Nisamehe."

Mdogo wangu akaitia simu yake mfukoni.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu saluni ilikuwa na jina lako, na watu wangekukimbia."

Mama akavua miwani. Akaiweka tableti kwenye benchi, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Miaka miwili," akasema, "kila Ijumaa namwambia huyu mtoto aje akuombe wewe radhi. Kila Ijumaa ananiambia, 'Sawa, Mama.'"

Akasimama kwa shida, akishika ukuta, akamwendea mdogo wangu na kumkumbatia. Wote wawili wakaanza kulia. Mimi nilibaki na simu mkononi, mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumfokea.