Jumapili Mdomo Aliposhuka Mimbarini

Mkalimani alikuwa ameshashuka ngazi mbili kati ya tatu za mimbari, kipaza sauti chake amekilaza juu ya kitambaa cheupe, ndipo askofu akagundua kwamba anahubiri peke yake.

Miaka kumi na tisa walisimama bega kwa bega. Askofu, mgeni wa kuletwa, alisema kwa lugha ya shuleni. Mkalimani akaigeuza kuwa ya nyumbani. Watu wakambandika jina, Mdomo. Mzaha wa askofu ukidoda, Mdomo aliwapa mwingine wa kwake, kanisa likacheka, askofu akajiona bingwa. Kwa kazi hiyo Mdomo alipewa vyumba viwili nyuma ya kanisa, na mkewe akavipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili hiyo Rais alikaa kiti cha mbele, redio ya taifa inarusha ibada, uchaguzi umebaki wiki moja. Askofu akasema: "Huyu, Mungu ameshamchagua. Atakayempigia mwingine amemkana Kristo." Akanyamaza kama kawaida, akimngoja mwenzake.

Mwenzake ndiye huyo anashuka.

"Rudi utafsiri!" askofu alinong'ona kwa ukali, kipaza sauti kikadaka yote.

"Hilo la kwako, Baba. La Mungu nimelitafsiri miaka yote hii. Lako liseme mwenyewe."

"Na nyumba je?"

"Funguo anazo mke wangu."

Kutoka nyuma bibi mmoja akapaza sauti: "Jamani, kwani kasema nini?"

Askofu akamnyooshea kidole mwalimu mkuu, mama aliyewafundisha lugha hiyohiyo ya shuleni nusu ya waumini wale. "Mwalimu, njoo utusaidie."

Mama akasimama, akalinyoosha gauni lake, akajibu kwa lugha ya nyumbani: "Baba, sikuelewi hata kidogo. Mimi wa hapahapa tu."

Kanisa likaangua kicheko. Mwalimu wa kwaya, alipoitwa, alishika masikio kama mtu aliyeingiwa na maji. Daktari, zamu yake ilipofika, akajitia kutafuta wimbo kitabuni.

"Si Mheshimiwa yupo?" bibi akadakia. "Lugha zote anazijua. Atuambie yeye!"

Rais akanyanyuka nusu. Akazitazama nyuso zile zinazosubiri asimame ajitangaze mteule wa Mungu kwa kinywa chake. Akaketi, akaangalia saa.

Mke wa Mdomo akatoka kwenye kwaya, akapanda zile ngazi tatu, akatupa funguo kando ya kipaza sauti. Mlio wake ulisikika nchi nzima.

"Tutalala wapi, Baba Watoto?" alimuuliza mumewe mlangoni.

"Kwa kaka yako."

"Kaka anakoroma."

"Basi hatutalala. Twende."

Rais alishinda. Mwalimu mkuu alihamishiwa shule ya mbali, akastaafia hukohuko. Daktari na mwalimu wa kwaya waliitwa kuhojiwa, wakaachiwa. Vyumba viwili vikawa stoo ya viti. Askofu alijifunza lugha ya nyumbani. Kuchekesha bado hajui. Bibi alimfuata Mdomo siku ya tatu baada ya ibada ile, akaambiwa, akasema, "Kumbe hilo tu," akaenda kupiga kura alivyotaka. Mdomo na mkewe walikaa kwa kaka miezi minane, kisha wakapanga chumba karibu na soko. Mdomo anawaandikia watu barua. Chokaa mke alipaka tena.