Mbuga, Awamu ya Kwanza

Siku afisa mipango miji alipowasili Ng'wabuki, alishuka kwenye gari na viatu vyeupe. Paskazia alimwangalia kuanzia chini hadi juu akasema moyoni: hewala, tumeletewa bwana harusi. Mtu mwenye akili zake havai viatu vyeupe Ng'wabuki, mji mdogo wa vumbi kando ya barabara ya Maganzo. Lakini ndiyo hivyo, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jina lake Davis. Alibandika ramani kwenye ukuta wa shule na kuwaeleza watu mji wao, kana kwamba walikuwa hawajawahi kuuona. Wachimbaji wa almasi na wanunuzi wao wanajenga ovyo, alisema, kwa hiyo mji utapangwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ni nyumba mia mbili kule bondeni, penye uwanda ulionyooka. Awamu ya pili ni kando ya barabara. Kilimani ni awamu ya tatu, huko mbele ya safari, na kaya saba zilizojenga huko bila mpangilio zitahamia bondeni.

Kaya ya kwanza kati ya hizo saba ilikuwa ya Paskazia.

Sasa, huyu hakuwa mtu wa kufundishwa nyumba. Alianza kufyatua matofali binti yake Limi akiwa mgongoni, na leo Limi ana watoto wake. Nyumba yake aliijenga kwa mikono yake juu ya luseni, ule udongo wa mchanga wa kilimani unaokunywa maji na kutulia. Miaka ishirini na sita, ukuta hauna ufa hata wa kupitisha ukucha. Ndani ya nyumba hiyo alimuuguza mumewe, na nyuma yake akamzika. Hiyo ndiyo nyumba aliyoambiwa aiache.

Mwenyekiti wa kitongoji, Benjamini, alikuwa amekaa karibu na ramani akitikisa kichwa kama mjusi kwa kila neno la mgeni. Benjamini alizaliwa hapo na analima mpunga hapo hapo. Anaijua ardhi ile vizuri kabisa. Lakini mtaalamu alikuwa amekuja na kreti mbili za soda, na mtu mzima ovyo akishashika chupa, mdomo wake una kazi nyingine.

"Wananchi, mna maoni gani kuhusu eneo la awamu ya kwanza?" Davis akauliza.

Paskazia akasimama, akakaza kitenge chake. "Ile ni mbuga," akasema. Akakaa.

Watu wakaangua kicheko. Kwa Msukuma neno hilo limemaliza kila kitu. Mbuga ni udongo mweusi wa majaruba. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, masika unavimba na kusukuma kila kilicho juu yake. Mbuga hulimwa mpunga, basi. Hata mwendawazimu akitaka kulala huvuka akalale ng'ambo. Paskazia aliona kuongeza neno la pili ni kupoteza mate.

Davis akatabasamu. "Ahsante sana mama. Kweli kabisa, mbuga nzuri." Akaandika. Kwao Kibaha, mbuga ni uwanda wa nyasi, mahali pa twiga na pundamilia.

"Anaandika nini huyo?" Ghati, jirani wa Paskazia, akanong'ona.

"Mwache aandike. Karatasi haijengi nyumba."

Loo! Karatasi ikajenga. Oktoba ikaja barua: Paskazia ahame ifikapo mwisho wa Juni, amepewa kiwanja namba kumi na tisa, awamu ya kwanza. Akaishika ile barua kwa ncha za vidole mpaka ofisini kwa Davis.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitikia kwa sababu alilelewa, si kwa sababu alipenda. "Nani kakwambia mimi nakwenda kuishi kwenye mpunga?"

Davis akafungua faili akamsomea muhtasari wa mkutano. *Mama Limi, mkazi, alithibitisha kuwa eneo hilo ni mbuga. Wananchi wakashangilia.*

"Walicheka!"

"Hapa imeandikwa wakashangilia."

Ndipo Paskazia alipomweleza yote: udongo mweusi, nyufa, kuvimba, majaruba. Davis alisikiliza, kalamu imelala mezani. "Mama, mchoro umeshaidhinishwa. Ungesema mapema."

Neno hilo lilimchoma kuliko barua yenyewe. Alirudi nyumbani amekasirika, na nusu ya hasira ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Alikuwa na maneno elfu siku ile, akatoa moja, tena kwa dharau, na hilo moja ndilo lililokuwa linamng'oa kwake. Kuuliza si ujinga, sawa, na yule bwana hakuuliza. Lakini yeye je, kueleza kungemgharimu nini? Usiku huo hakugusa ugali.

Mwezi wa kumi na moja wakajenga bondeni nyumba ya mfano, yenye vigae na rangi ya maziwa. Kabla ya kuanza walikuja kumwomba Paskazia matofali. "Matofali yangu hayaendi kuzama," akawajibu, akaendelea kupanga tanuri.

Mvua zikanyesha. Februari akaja mgeni rasmi kutoka wilayani kuifungua nyumba. Akakata utepe, watu wakapiga makofi, akasukuma mlango. Mlango ukakataa. Davis akausukuma kwa bega, ukakataa. Viatu vyeupe vilikuwa vimezama kwenye tope hadi kwenye kamba.

"Tieni mafuta bawaba!" Benjamini akapiga kelele.

"Bawaba zina kosa gani?" Paskazia akasema, bila kupaza sauti. "Udongo umeinuka, fremu imeubana mlango. Tazameni pale juu."

Wakatazama. Kutoka dirishani hadi kwenye paa kulikuwa na ufa uliozibwa kwa rangi mbichi, na rangi yenyewe ilikuwa imeshaachia. Mgeni rasmi akageuka. "Hapa ni mahali gani hapa?"

Benjamini akajitokeza, kifua mbele. "Mheshimiwa, hapa ni mbuga. Kila mtu anajua!"

Paskazia akasonya mpaka watoto wakageuka.

Wiki iliyofuata Davis alipanda kilima kwa miguu, amevaa gambuti, ramani kwapani. Alimkuta Paskazia anapepeta mahindi.

"Mama, umeshinda. Kilima sasa ndiyo awamu ya kwanza."

"Nimeshinda nini? Jana ulinihamisha kwa sababu mimi ni wa mwisho. Leo utanihamisha kwa sababu mimi ni wa kwanza?"

Davis akafungua ramani. Barabara ya penseli ilipita jikoni kwa Paskazia, ikakata kaburi la mumewe. Davis akaona mama anavyoitazama, akaona haya. "Bado ni penseli," akasema. "Niambie kwanza. Hapa panaitwaje?"

*Luseni.* Neno lilimjia Paskazia hadi kwenye ncha ya ulimi, tayari, na dharau yake yote. Akalimeza. Akamsogezea kigoda.

"Kaa chini. Leo utaandika mpaka mkono uume."

Akamweleza mchanga, maji yanakopita, nyumba saba moja moja, nani kajenga na nani kazikwa wapi. Davis akauliza, akaandika, akauliza tena. Penseli ikafuta barabara, ikaipeleka mbali, nyuma ya nyumba na nyuma ya kaburi.

"Sasa nisomee," Paskazia akasema.

"Kaya ya kwanza: eneo hili ni makazi yaliyopo, lina nyumba moja na kaburi moja..."

"Futa."

"Nifute nini, mama?"

"Eneo. Sikusema eneo. Andika: hapa ni kwa Paskazia."