Pumzi Niliyorithi

Usiku wa jana niliota ukoo wetu umekaa kikao jikoni kwangu kugawana wimbo.

Nieleze kidogo. Sisi ni watu wa milima ya Upare, na nyumba yetu inajulikana kwa kuimba. Wimbo wetu mkubwa ni ule wa kushushia wagonjwa. Kwetu gari halifiki, kwa hiyo mgonjwa hubebwa kwa machela hadi zahanati iliyoko chini barabarani, na wabebaji huimba ili hatua zao zilingane. Kila kona ya njia ina ubeti wake. Anayeujua wote ni mmoja tu, Shangazi Navoneiwa, aliyeachiwa na mama yake, naye akaachiwa na mama yake.

Basi jikoni wamejaa. Baba mdogo Mbazi ndiye mwenyekiti, amekaa juu ya jiko la gesi. Wimbo umelazwa mezani, mrefu, unapumua. Shangazi naye yupo, amelala kwenye machela kando ya ndoo ya maji. Kifua kinambana, anasubiri kushushwa.

"Marehemu hakuacha wosia," Baba mdogo anaanza.

"Mimi sijafa," Shangazi anasema.

"Hoja hiyo tutaifikia kwenye mengineyo."

Akachukua panga, akaukata wimbo kama tunavyokata mashamba yetu, vipande vyembamba vya kutoka juu hadi bondeni. Yeye akachukua ubeti wa kwanza, wenye kiitikio. Binamu yangu Namkunda akapata wa pili. Waliopiga kelele wakapewa, na hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji akapata nusu mstari kwa sababu alikuwa amekaa kwa heshima. Mimi nilipewa pumzi, yaani pale wabebaji wanaponyamaza na kuvuta hewa kabla ya kona ya mwisho.

"Kipande kizuri," Baba mdogo akaniambia. "Hakina mawe."

Watu wakacheka. Niliumia, sitaficha. Nikaifunga pumzi yangu kwenye mfuko wa sukari, nikaitia ndani ya shati.

Nikafungua mlango ili watoke, na nje hakukuwa na ngazi za nyumba yangu. Kulikuwa na mlima.

Tunashuka. Mimi nimeshika mti wa kulia, upande wa mbele. Ukungu umetanda, udongo unateleza, na machela haisogei.

"Mimi huenda kwa wimbo," machela ikasema, bila hasira. "Bila wimbo mimi ni miti miwili na blanketi."

Kona ya kwanza imezungushiwa mabati. Baba mdogo anachungulia juu ya mabati hayo, ingawa sasa hivi tu alikuwa nyuma yangu.

"Ubeti umelala," anasema. "Mje Jumanne."

"Mbazi, mimi ni dada yako," Shangazi anasema.

"Najua, dada. Lakini mkono mtupu haulambwi."

Hatukuwa na kitu, basi tukamsifu. Tukamsifu mpaka tukaishiwa, tukaanza kuyasifu mabati. Ndipo akaimba, macho kafumba, na machela ikashuka hadi kona ya pili.

Pale hapakuwa na mtu. Kulikuwa na tangawizi moja, imekaa juu ya kigoda.

"Mwenye ubeti yuko Dodoma," ikasema. "Mimi ni mwangalizi tu. Kuimba sijaruhusiwa."

"Na mgonjwa akizidiwa, utaratibu unasemaje?" nikauliza.

"Utaratibu unasema pole."

Shangazi akauguna ubeti ule kwa pua, na kila mguno ulimgharimu kikohozi. Tangawizi ikageuka ikatazama bondeni, isije ikaulizwa iliona nini.

Sasa tuko kona ya mwisho. Bati la zahanati linaonekana kule chini. Hapa wimbo unataka pumzi, na wote wananitazama mimi.

Nikatulia. Maishani mwangu sijawahi kutazamwa hivyo na ndugu zangu, na ilikuwa tamu.

"Semeni kwanza kwamba mlinipunja," nikasema.

Hawawezi kusema, wamebana pumzi. Mashavu yamevimba. Baba mdogo amekuwa na rangi ya bilinganya, nami naona anastahili.

Shangazi akafungua macho. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Mwanangu, hiyo uliyoificha kwenye mfuko si pumzi yangu?"

"Ilikuwa yako, Shangazi. Kikao kimeshapita."

Akanitazama. Afadhali angenitukana. Kisha akateremsha miguu kutoka kwenye machela, mmoja baada ya mwingine.

"Vua kandambili."

Nikavua. Akazivaa, zikampwaya, akashika njia. Akaanza wimbo tangu mwanzo, wote, akivuta pumzi popote alipotaka, na kona zikampisha. Sisi tukabaki tumeinua machela tupu, kila mtu na kipande chake, hatujui kwenda juu wala chini. Nikafungua mfuko wangu. Haukuwa na kitu.

Nikaamka chumbani kwangu, mjini Moshi, jua limeshaingia dirishani. Nikachukua simu. Kwenye kundi la ukoo ndugu walikuwa wamekesha wakibishana nani ataimba wimbo wa Shangazi kwenye tamasha, na sare ziwe rangi gani. Na mimi nilikuwemo: "Mbona mimi sipangiwi?" Juu kabisa, kabla ya ubishi wote, kulikuwa na ujumbe wa jirani wa Shangazi: "Mama Navoneiwa hapumui vizuri. Nani anakuja kubeba?" Hakuna aliyekuwa amejibu. Niliona aibu, nikiwa peke yangu.

Kisha ukaingia ujumbe mpya wa jirani huyo huyo.

"Amefika zahanati asubuhi hii. Kaja kwa miguu, mwenyewe, anaimba. Sasa anapumua vizuri. Ila hizi kandambili za kiume alizovaa, ni za nani?"

Nikashusha miguu kitandani kuzitafuta zangu. Nikakanyaga sakafu tupu.